Mwaka Miatiko Walipozunguka

Mtani wangu Atanasi amekufa, na nimerudi kutoka kumzika nikiwa sijui kama nimlilie au nimtukane. Msidhani nina hasira. Sisi Wangindo na wao Wamatumbi tumeumbiwa kutukanana, na mtu akifa, mtani ndiye anayeingia uani kwa kelele, amwambie maiti kwamba ni mvivu, kalala mchana kweupe wakati wenzake wanapalilia ufuta. Nimetukana vizuri tu, watu wakacheka, mpaka padri kaficha mdomo kwenye kitabu. Lakini kuna neno niliambiwa huko Kipatimu kabla sijaondoka, na tangu nirudi nalizungusha kichwani halikai. Ndiyo nikasema niandike. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nasomea nje ya dirisha kwa kukosa sare, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea. Habari za baba na mama na nani alimuoa nani kijijini kwetu Mitole nitaziacha, hazina kazi hapa. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, ule wa mabwawa.

Ilikuwa zama za ruksa. Kila mtu alikuwa ameambiwa afanye biashara, na hakuna aliyeambiwa biashara gani. Mitumba ilikuwa imeshafika mpaka vijijini, wanaume wa makamo wakipalilia mihogo na makoti ya baridi ya Ulaya, jasho linawatoka, hawayavui. Upande wa pwani, nje kidogo ya Kilwa Masoko, kulikuwa na mashamba ya chumvi yaliyokufa, yamebaki matuta na maji ya mvua nyuma ya mikoko ya mikandaa. Basi wazee wa pale wakaunda kikundi, wakaambiwa na watu wa mradi kwamba chumvi haina bei, fugeni samaki. Samaki mwenyewe ni mwatiko, yule mweupe mwenye magamba kama fedha na miba isiyoisha. Sisi wa bara tukacheka sana. Kufuga samaki na bahari iko pale! Ni sawa na kufuga nzi. Lakini walikuwa wanatafuta mpishi wa vibarua, na mimi nilikuwa msichana mwenye mikono miwili na sina mume, nikaenda.

Nilipewa chumba ambacho kilikuwa ghala la chumvi zamani. Kuta zake zilikuwa na chumvi ndani kwa ndani, kila asubuhi zinatoa jasho, ukilamba kidole kilichogusa ukuta unapata kitoweo. Nusu ya chumba magunia ya pumba za mpunga, chakula cha samaki, nusu nyingine kitanda changu cha kamba. Kati ya chumba changu na kile cha mikutano kulikuwa na kiambaza cha makuti tu, kwa hiyo mambo ya kikundi niliyajua kabla ya wanakikundi wenyewe. Jiko lilikuwa nje, mafiga matatu na paa la makuti lisilo na ukuta. Asubuhi chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana bada, ule ugali mweusi wa muhogo mkavu, kwa kisamvu au kwa dagaa. Miatiko hatukuwagusa. Walikuwa bado watoto, na Mzee Mfaume alikuwa akiwapita kuwaangalia kama mtu anayepita kwenye chumba cha mzazi.

Huyu Mzee Mfaume ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mtu wa pwani hasa, kanzu imepigwa pasi ya mkaa, kofia ya vito, maneno yake machache na yote ya adabu. Ukimsalimia shikamoo anaitikia marahaba mpaka unajisikia umebarikiwa. Alikuwa ameuza minazi yake yote aweke fedha kwenye yale mabwawa. Sisemi kwa kumsengenya. Nasema ili mjue kwamba samaki wale kwake hawakuwa samaki.

Na Atanasi ndiye aliyekuwa anafungua lango la maji. Bahari ikija bamvua, anainua mbao, maji mapya yanaingia, ikitoka, anashusha. Pia ndiye aliyekuwa akiwalisha pumba. Kijana mrefu mwembamba, Mkristo wa misheni ya Kipatimu, ana msalaba wa mti shingoni na meno yaliyoachana mbele. Siku ya kwanza nilipompakulia bada aliniuliza kabila langu. Nikamwambia. Akaweka sahani chini, akapiga magoti, akainua mikono juu.

"Mungu wangu, kumbe tunapikiwa na Mngindo! Jamani, nani kapika huyu? Mngindo hajui hata moto unawashwa upande gani!"

"Kula, mzoga we," nikamwambia. "Kwenu Kipatimu mnakula mawe, ndiyo maana meno yamepishana."

Kuanzia hapo hatukupumzika. Akipita ananiita mtumwa wangu, mimi namuita mali ya kaburi. Alinificha mwiko wangu, nikamtilia pilipili kwenye chai. Vibarua wengine walikuwa Wamwera na Wamakonde, na wao utani wanaujua, walikuwa wakicheka mpaka wanakohoa. Lakini Mzee Mfaume na wenzake wa kikundi, waungwana wale, utani na Wamatumbi hawana. Waliona kijana wa bara anamwambia mwanamke "nitakuzika wiki hii," na mwanamke anacheka. Sidhani kama walituelewa hata siku moja. Na mimi leo nikifikiri, sisi nasi hatukuwaelewa wao. Tulidhani kila mtu anajua maneno ya mtani hayana uzito.

Sasa ikafika siku ya mkutano wa kikundi, nikapika wali wa nazi, wazee wote wamekaa mkekani. Atanasi akaja na sahani yake, nikampa ukoko. Ukoko mtupu, makusudi, na kipande cha papa kidogo kama kucha. Akautazama. Akasimama mbele ya watu wote, Mzee Mfaume pale kiti cha kwanza, akasema kwa sauti ya tangazo:

"Nimenyimwa chakula na Wangindo! Basi sikilizeni. Samaki hawa hamtawala. Nitawatia utupa, wacheze ngoma mpaka wafe, na Mngindo huyu nitamzika na kichwa cha mwatiko mdomoni!"

Tulicheka! Mmakonde mmoja alimwaga mchuzi. Wazee hawakucheka. Nilimuona Mzee Mfaume anajisafisha vidole taratibu, kimoja kimoja.

Kwa asiyejua, utupa ni majani. Huko milimani mito ikikauka na kubaki vidimbwi, watu wanayatwanga wanayatia majini, samaki wanalewa. Wanapanda juu, wanazunguka zunguka ubavu ubavu, unawaokota kwa mkono. Kila mtu wa Kipatimu kayatwanga utotoni, kama mtoto wa pwani alivyookota chaza. Sasa ndiyo mnaona.

Mvua za vuli zilipoanza, siku moja Atanasi akaja jikoni hana matusi. Hilo peke yake lilinishtua. Akasema, "Siku, njoo uone." Jina langu ni Sikudhani, lakini kabla ya hapo hakuwahi kuniita jina hata siku moja. Tukaenda tuta la bwawa la pili. Maji yalikuwa yametulia, na katikati palikuwa na mwatiko mmoja anazunguka. Anazunguka duara dogo kama sahani, upande mmoja tu, haachi, kichwa kimeinama kama anasikiliza kitu chini. Anazunguka, anasimama, anazama mkia kwanza, anapanda, anaanza tena. Atanasi akamchota na wavu. Mgongo wake ulikuwa umepinda. Haukuvunjika, ulipinda, kama mtu kakunja waya. Jicho limeangaza tu. Nikasema, "Kagongwa." Akasema, "Na nani? Humu bwawani kuna magari?" Lakini hakucheka na mimi sikucheka.

Wiki hiyo wakawa wengi. Hawakufa haraka, na hilo ndilo baya, kwa sababu samaki wa utupa anakufa siku hiyo hiyo au anapona siku hiyo hiyo, hata mimi najua. Hawa walikonda. Unamwaga pumba, wenzao wanakula, wao wanazunguka wanaipita pumba kama hawaioni. Vibarua wakaanza kukaa mbali na bwawa la pili. Mmwera mmoja alisema wana pepo, wanatakiwa kupungiwa. Mwingine akasema ni maji ya mvua, mwingine akasema ni pumba. Mimi nilikuwa nakubaliana na kila aliyesema mwisho.

Usiku, nikiwa kitandani kwangu na magunia, nikawasikia wazee upande wa pili wa makuti. Hawakunong'ona, nadhani walinisahau.

"Mtu kasema mwenyewe kwa kinywa chake. Mbele ya watu."

"Na funguo za lango anazo nani?"

"Tumpeleke polisi."

"Polisi utawaambia nini? Kwamba samaki anazunguka?"

Halafu sauti ya Mzee Mfaume, ya adabu ile ile, nikaiogopa kuliko zote: "Tusome halbadiri. Aliyetia mkono wake kwenye mali yetu, Mungu amuoneshe. Baada ya hapo, Mmatumbi akiwa mzima, abaki. Asipokuwa mzima, basi."

Kwa mtu wa pwani hakuna neno zito zaidi. Halbadiri ikisomwa, mwenye kosa anavimba, anapooza, anarukwa na akili; kila mtaa wa Kilwa una hadithi yake. Asubuhi nikamwambia Atanasi kila kitu, huku nachochea uji. Akasema, "Waje wasome. Mimi nimebatizwa." Lakini uji hakunywa. Mchana bada hakula. Nikamwambia, "Mzoga, waambie ulikuwa utani." Akasema, "Niwaambie mimi? Mwizi akisema alikuwa anatania, wewe unamwachia?" Nikamwambia, "Basi ondoka, rudi kwenu kabla ya Ijumaa." Akanitazama kama mjinga. "Nikiondoka si ndiyo nimekubali?" Na kweli. Akiondoka kakubali, akibaki wanamsomea, na akiugua hata mafua, kafa. Nilikuwa sioni mlango.

Ijumaa baada ya swala wakaja, maalimu na vijana wake, ubani, wazee wote. Atanasi akakaa nje juu ya gunia tupu, msalaba wake kautoa nje ya shati. Nilikuwa nimebeba birika la chai. Hakuna aliyeniita nizungumze. Mwanamke, mpishi, tena wa bara. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema.

"Shikamooni wazee. Huyu ni mtani wangu. Nilimnyima chakula, akatukana. Ndivyo tunavyofanya. Mimi nimemwambia atakufa kila siku tangu nifike hapa, na nyinyi hamkunisomea."

Mzee mmoja akasema, "Mama, wewe tulia."

Mzee Mfaume akainua mkono. "Muache. Sikudhani, mwanangu, mimi najua mnataniana. Nakuuliza neno moja. Una hakika hakutia?"

Hapo ndipo penyewe. Hakika! Ningeipata wapi hakika? Nilikuwa jikoni na moshi wangu. Nilimjua Atanasi kwa matusi tu. Mtu ukimjua kwa matusi unajua nini juu yake? Nikamtazama kule nje kwenye gunia. Alikuwa anachora chini na kijiti, mduara juu ya mduara.

"Msomeeni," nikasema. "Na kama ni yeye, inipate mimi. Mtani ndiye anayebeba."

Nikaliweka birika chini. Sijui nani aliniambia niseme vile. Kwetu mtani anafungua njia ya kaburi, anabeba aibu ya mwenzake, hilo lipo. Lakini kubeba halbadiri sijawahi kulisikia kabla wala baada. Maalimu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akafumba macho. Wakasoma. Walisoma mpaka chai ikapoa, na mimi nilisimama pale pale, nasubiri kuvimba.

Sikuvimba. Atanasi hakuvimba. Aliyeugua ni Mzee Mfaume mwenyewe, malaria, kalala wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kusema neno, ila Wamakonde walikuwa wakikutana wawili wawili nyuma ya mikandaa wanazibana mbavu.

Ngoja, nimemsahau bwana samaki, yule afisa wa uvuvi wa serikali. Alikuwa ameitwa siku nyingi kutoka Lindi, akafika barabara ilipokauka, Mzee Mfaume keshaamka na fimbo. Kijana mpole, suruali ameikunja, miguu laini. Akatushangaza kwa kuomba kisu cha jikoni, kisu changu cha vitunguu, na ubao wangu wa kukatia mboga. Akachukua mwatiko mmoja aliyepinda, akampasua kichwa kama unavyopasua dafu, pole pole, akatuita. Tukainama wote, vichwa vinagongana. Ndani, kwenye ubongo, kulikuwa na vitu vidogo vyeupe vimeng'ang'ania, kama punje za ufuta. Akafuata uti wa mgongo, ufuta ule ule, pale pale mgongo ulipopinda.

"Ni wadudu," akasema. "Hivi ni vifuko vyao. Wenyewe hamuwezi kuwaona kwa macho. Wanakaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana samaki anazunguka na kupinda."

"Wametoka wapi?" akauliza Mzee Mfaume.

"Mara nyingi kwenye matope. Kuna vijinyoo vidogo vinaishi kwenye matope, mdudu anaanza humo, kisha anaingia kwa samaki."

"Sawa. Nimekuelewa, mwanangu." Mzee akaegemea fimbo. "Sasa, nani kawatia?"

Bwana samaki akamtazama. "Hakuna aliyewatia, mzee. Wanatokea."

"Wanatokea," akarudia Mzee Mfaume, na nikamuona anageuza kichwa kumtafuta Atanasi kati yetu. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa kachanganyikiwa kama mimi. Mtu kauza minazi yake yote. Unamwambiaje kwamba hakuna mwenye kosa?

Dawa haikuwepo. Akasema toeni maji yote, kausheni bwawa lipasuke kwa jua, mwageni chokaa, halafu ndiyo muanze upya. Samaki wazima waliobaki wavuliwe, wanalika wakiiva vizuri, mdudu huyo hamgusi binadamu. Nikawakaanga. Hakuna aliyekula. Sahani imejaa, watu wanaitazama kama imetolewa kwa mizimu. Atanasi akaja, akachukua mkubwa, akakivunja kichwa, akakinyonya. Alinyonya kwa sauti, macho kwa Mzee Mfaume, akatafuna mpaka mifupa, akatema mwiba mmoja.

"Mngindo," akasema, "chumvi imezidi."

Watu wakapumua. Wengine wakanyoosha mikono. Mzee Mfaume alikula kipande cha mkia, kwa adabu, akasema alhamdulillahi. Lakini kumwambia Atanasi "tulikudhania" hakumwambia, wala yeye hakudai. Mabwawa yalipokauka na kupasuka, kazi ikaisha, Atanasi akafunga godoro lake akarudi Kipatimu kulima. Aliniaga kwa kuniibia mwiko. Nilikuja kuuona tena miaka mingi baadaye jikoni kwa mkewe.

Basi juzi nimeingia pale uani kwao, mzee mimi, mgongo wangu umepinda kweli kweli siku hizi, na nikisimama ghafla kichwa kinazunguka mpaka nishike ukuta. Hospitali wanasema presha. Mimi nimekubali ni presha. Nikafanya kazi ya mtani: nikaingia nazunguka, kichwa nimekiinamisha, mkono nimeubana ubavuni, ule mwatiko mzima mzima, nikalizunguka jeneza nikipiga kelele "lango liko wazi, mvivu, maji yanatoka!" Walicheka, wajukuu wakanifuata nyuma wanazunguka nao. Baadaye, tunakula ugali na maharage, mwanawe mkubwa, Kristofa, akaja akachuchumaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Pole."

"Baba alikuwa akitusimulia wale samaki kila vuli. Alisema aliwatia yeye."

Nikarudisha tonge sahanini. "Aliwatia nini?"

"Utupa. Kidogo tu, alisema, kukuonesha wewe."

"Alisema akicheka?"

"Baba kila kitu alikuwa anasema akicheka, shangazi."

Mjane wake alikuwa karibu, anakosha sufuria. Akasema bila kugeuka, "Mimi aliniambia hakutia. Lakini siku hiyo alikuwa na homa."

Sasa mimi nishike lipi? Ufuta ule niliuona kwa macho yangu, juu ya ubao wangu. Utupa hauoteshi ufuta kwenye ubongo. Lakini huenda aliutia na wadudu nao wakawepo. Hakuna aliyekataza viwili kuwa pamoja. Au alikuwa ananitania mpaka kwa wanawe, akijua ipo siku nitafika pale nisikie, na yeye atakuwa amelala ananisikiliza. Angeweza. Na mimi nimebeba lile neno langu maisha yote, kila kizunguzungu nikijiuliza ni presha au ni Ijumaa ile inanitafuta polepole.

Asubuhi kabla pikipiki haijaja nikaenda peke yangu kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, maua ya makaratasi yamelowa umande. Nikasimama, nikaushika msalaba nisianguke. Nikamwambia, "Mzoga we, mali ya kaburi, mla mawe. Nilikubebea halbadiri. Amka useme moja, ulitia au hukutia?"

Nikasubiri. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza namtukana asirudishe.